Chanzo na Kikomo: Kujifunza Mishikizo na Matendo ya Misuli kwa Kiswahili

Ikisiri

Mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, tiba ya viungo au elimu ya michezo hutakiwa mapema kuijua misuli ya mifupa: unapoanzia kila msuli, unapoishia na tendo unalolifanya. Wengi huikabili kazi hii kwa kukariri majedwali. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba tendo la msuli halihitaji kukaririwa, kwa kuwa linaweza kukisiwa kutokana na mishikizo yake. Aidha, inajadili namna Kiswahili kinavyoweza kuifanya elimu hiyo iwe nyepesi kwa mwanafunzi na yenye manufaa kwa mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchora jedwali lenye safu nne, yaani jina, chanzo, kikomo na tendo, kisha huketi usiku kucha akilikariri mstari baada ya mstari. Mtihani ukipita, jedwali nalo hupita. Kosa si la kumbukumbu yake bali ni la njia aliyoifuata. Ameyakariri mambo manne kana kwamba hayahusiani, ilhali jambo la nne huzaliwa na yale ya pili na ya tatu.

Suala hili lina uzito nje ya chumba cha mtihani. Mfupa wa mkono unapovunjika na kuungwa, kiungo kilichofungwa kwa majuma kadhaa hukakamaa na misuli yake hunywea. Kinachorudisha nguvu ni mazoezi, na mazoezi hayo mgonjwa huyafanya nyumbani, mbali na macho ya mhudumu. Endapo hakuelewa asogeze nini, kuelekea wapi na kwa nini, hatayafanya, au atayafanya visivyo. Mhudumu aliyeyajua majina ya Kilatini tu, lakini hana neno la kumwambia bibi aliyeketi mbele yake, amejifunza nusu ya kazi.

Ugumu huongezeka kwa sababu maneno ya kila siku yana maana pana. Neno mkono hujumuisha sehemu yote kuanzia begani hadi ncha za vidole, na mguu vivyo hivyo kuanzia nyongani hadi unyayoni. Neno mshipa hutumiwa kwa ateri, vena, neva na hata kano. Mgonjwa anaposema, "Mshipa wa mguu umenivuta," huenda anazungumzia msuli wa nyuma ya paja, kano ya kisigino au neva inayotoka kiunoni. Mhudumu hana budi kumwuliza swali la pili na la tatu, na maswali hayo yanahitaji lugha.

2.0 Istilahi za Msingi

Kabla ya kuendelea, inafaa istilahi chache zifafanuliwe jinsi zinavyotumika katika makala hii.

Msuli ni mnofu unaoweza kujikaza na kufupika. Kano ni ugwe mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Kiungo ni mahali mifupa miwili au zaidi inapokutana. Mshikizo ni mahali popote msuli unaposhikamana na mfupa, iwe moja kwa moja au kwa kano.

Kila msuli una angalau mishikizo miwili. Ule ulio katika mfupa ambao kwa kawaida hutulia huitwa chanzo, na ule ulio katika mfupa unaovutwa huitwa kikomo. Katika mikono na miguu, chanzo aghalabu huwa karibu zaidi na kiwiliwili, na kikomo huwa mbali nacho. Msuli ukiwa na vyanzo zaidi ya kimoja, kila kimoja huitwa kichwa.

3.0 Kanuni Tatu

Kanuni ya kwanza ni kwamba msuli huvuta, hausukumi kamwe. Mtu anaposukuma mlango, misuli yake haisukumi chochote. Ile iliyo nyuma ya mkono wa juu huvuta mfupa wa kigasha, kiwiko hunyooka, na kiganja kikaenda mbele. Kwa hiyo kila tendo lina msuli wake, na tendo lililo kinyume lina msuli mwingine upande wa pili.

Kanuni ya pili ni kwamba msuli hutenda kazi moja kwa moja katika kiungo unachokivuka. Usiovuka goti hauwezi kulikunja. Uvukao viungo viwili hutenda katika vyote viwili.

Kanuni ya tatu ni kwamba upande ambao msuli unakivuka kiungo ndio unaoamua tendo lake. Unaopita mbele ya kiwiko hukikunja, na unaopita nyuma yake hukikunjua. Hata hivyo, mwanafunzi aangalie jinsi kiungo chenyewe kinavyokunjika. Kwa kuwa goti hukunjika kuelekea nyuma, msuli wa mbele ya goti hulikunjua na wa nyuma hulikunja.

Mwenye kanuni hizi tatu na picha ya mifupa akilini hana haja ya safu ya nne ya jedwali. Mifano ifuatayo inalithibitisha hilo.

4.0 Mifano ya Kukisia Tendo

4.1 Mkono wa Juu

Msuli uvimbao mbele ya mkono wa juu, ambao Waswahili huuita tafu au shavu la mkono, kitaalamu ni bisepsi. Una vichwa viwili, na vyote viwili vinaanzia katika kombe la bega: kirefu juu kabisa ya kitako kinachopokea kichwa cha mfupa wa mkono, na kifupi katika ncha ya mfupa iliyojitokeza mbele ya bega. Kikomo chake kikuu ni kinundu cha radiusi, yaani ule mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba.

Sasa na likisiwe tendo. Msuli huu unapita mbele ya kiwiko, basi hukikunja. Unapita mbele ya bega, basi husaidia kuuinua mkono mbele, ingawa kwa nguvu kidogo. Jambo la tatu ndilo ambalo wakariri husahau. Radiusi ni mfupa unaozunguka. Kiganja kinapotazama chini, radiusi huwa imelala juu ya mwenziwe, ulna, na kinundu chake kimegeukia nyuma. Bisepsi ikivuta, kinundu hurudi mbele na kiganja hugeuka chali. Kwa hiyo bisepsi ni msuli wa kukunja kiwiko na wa kugeuza kiganja.

Ushahidi ni rahisi kuupata. Mtu akunje kiwiko, aweke vidole vya mkono wa pili juu ya tafu, kisha ageuze kiganja chali kwa nguvu huku mwenzake akikizuia. Tafu litavimba papo hapo, hata kama kiwiko hakikusogea. Ndiyo maana fundi seremala anayekaza skrubu kwa mkono wa kulia hukunja kiwiko: huiweka bisepsi mahali inapovuta vizuri zaidi.

Chini ya bisepsi kuna msuli mwingine, brakialisi. Huanzia mbele ya nusu ya chini ya humerusi, yaani mfupa wa mkono wa juu, na kuishia katika ulna. Hauvuki bega, hivyo hauna kazi begani. Ulna nayo haizunguki jinsi radiusi inavyozunguka, hivyo msuli huu haugeuzi kiganja. Kazi inayosalia ni moja: kukunja kiwiko, kiganja kikiwa chali au kifudifudi. Misuli miwili iliyopangana, tofauti ya mshikizo mmoja, na matendo yametofautiana.

Nyuma ya mkono kuna trisepsi, yenye vichwa vitatu. Kirefu huanzia katika kombe la bega chini ya kile kitako, na viwili vilivyobaki huanzia nyuma ya humerusi. Vyote huishia katika ncha ya ulna ambayo mtu huiegemeza mezani anaposhika tama. Tendo lake sasa si siri: hukunjua kiwiko.

4.2 Shingo

Mfano wa shingo huwatatiza wengi, nao ndio unaoonyesha vyema faida ya kukisia. Kila upande wa shingo una msuli mrefu unaoanzia juu ya mfupa wa kidari na katika ncha ya ndani ya mtulinga, ukapanda kwa mshazari hadi kwenye kifundo cha mfupa kilicho nyuma ya sikio. Je, msuli wa kulia ukivuta, uso hugeukia wapi?

Mwenye haraka hujibu kwamba hugeukia kulia. Lakini kikomo kiko nyuma ya sikio, nacho kiko kando ya mhimili ambao kichwa huuzungukia. Kikivutwa mbele na chini, upande wa kulia wa kisogo huja mbele, na uso huenda kushoto. Wakati huohuo sikio la kulia huinamia bega la kulia. Kwa ufupi, msuli wa kulia hugeuza uso kushoto na kuinamisha kichwa kulia. Mtu akijitazama kwenye kioo na kugeuza uso kushoto, atauona ugwe wa kulia ukisimama.

4.3 Paja na Tafu la Mguu

Mbele ya paja kuna msuli wenye vichwa vinne, kwadrisepsi. Vitatu huanzia katika fupaja na kimoja katika fupanyonga. Vyote hukusanyika kwenye pia ya goti, na kutoka hapo ugwe mmoja mgumu hushuka hadi kwenye kinundu cha mbele ya muundi. Vichwa vyote vinne hukunjua goti. Kile kimoja kinachotoka nyongani huvuka viungo viwili, hivyo pia hukunja nyonga. Mchezaji kandanda anayepiga shuti hukitumia katika kazi zote mbili kwa mpigo mmoja.

Nyuma ya paja misuli mitatu huanzia katika kile kifundo cha fupanyonga ambacho mtu hukikalia. Mmoja huishia upande wa nje chini ya goti, katika kichwa cha fibula, na miwili huishia upande wa ndani, katika muundi. Hupita nyuma ya nyonga na nyuma ya goti. Kwa hiyo hunyoosha nyonga na kukunja goti. Mtu anayeinama kushika vidole vya miguu bila kukunja magoti huhisi mvuto mkali nyuma ya mapaja, kwa sababu misuli hii imenyooshwa katika viungo viwili kwa pamoja. Akikunja magoti kidogo, mvuto hulegea. Mwanariadha wa mbio fupi, ambaye hurusha mguu mbele huku goti likinyooka kwa kasi, huiweka misuli hii katika hatari hiyohiyo, na si ajabu kwamba ndiyo inayoumia mara kwa mara.

Tafu la mguu nalo lina misuli miwili mikubwa. Wa juu, gastronemiusi, huanzia nyuma ya fupaja juu kidogo ya goti. Ulio chini yake, soleusi, huanzia nyuma ya muundi na fibula. Yote miwili huungana katika kano nene ya kisigino na kumwinua mtu asimame kwa ncha za vidole. Wa kwanza huvuka goti, wa pili hauvuki. Basi anayetaka kuunyoosha wa kwanza aegemee ukuta goti likiwa limenyooka, na anayetaka kuunyoosha wa pili akunje goti kwanza. Mhudumu aliyekariri tu hutoa zoezi moja kwa wote. Anayeelewa mishikizo huyatenganisha.

5.0 Chanzo na Kikomo Vinapobadilishana

Imeelezwa kwamba chanzo hutulia na kikomo huvutwa. Hiyo ni kawaida, wala si sheria. Msuli hufupika ukivuta ncha zote mbili, na mfupa ulio huru zaidi ndio usogeao.

Mfano mzuri ni mkwezi wa minazi. Msuli mpana wa mgongo huanzia katika pingili za chini za uti wa mgongo na ukingo wa fupanyonga, ukaishia mbele ya sehemu ya juu ya humerusi. Mkulima anaposhusha jembe lililoinuliwa, kiwiliwili chake hutulia na msuli huu huuvuta mkono chini na nyuma. Mkwezi anapoukumbatia mnazi, mikono ndiyo inayotulia. Msuli uleule hukivuta kiwiliwili kizima juu. Mishikizo ni ileile, matendo mawili.

Mfano wa pili hutokea katika kila hatua ya kutembea. Msuli wa kati wa tako huanzia upande wa nje wa fupanyonga na kuishia katika kifundo cha nje cha fupaja. Mguu ukiwa huru, huutanua kwenda nje. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, fupaja hutulia na msuli huo huivuta fupanyonga isianguke upande wa mguu ulioinuliwa. Msuli ukidhoofika, nyonga ya upande wa pili huporomoka. Daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg aliieleza dalili hii mwaka wa 1895, na jaribio lenye jina lake lingali linatumika. Anayejua mishikizo ya msuli huu anaweza kumtazama mgonjwa akitembea na kubainisha upande wenye udhaifu, nao ni upande wa mguu uliokanyaga, si wa nyonga inayoshuka.

6.0 Majina ya Misuli na Mantiki Yake

Mwaka wa 1543 Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake mashuhuri cha muundo wa mwili wa binadamu, lakini misuli mingi humo aliitaja kwa nambari. Bernhard Siegfried Albinus, aliyefundisha Leiden, ndiye aliyeipanga na kuipa mingi majina thabiti katika kitabu chake cha mwaka wa 1734. Hata hivyo, sehemu moja ya mwili iliendelea kuitwa kwa majina mengi hadi wataalamu walipokubaliana juu ya orodha moja ya Kilatini huko Basel mwaka wa 1895. Orodha hiyo ilirekebishwa mara kadhaa, na mwaka wa 1998 ikatolewa upya.

Majina hayo yana mantiki. Mengine hutaja idadi ya vichwa, kama bisepsi, trisepsi na kwadrisepsi. Mengine hutaja umbo: deltoidi, msuli wa bega, umefananishwa na herufi ya Kigiriki yenye umbo la pembetatu. Mengine hutaja ukubwa, mwelekeo, tendo au mishikizo. Msuli wa shingo uliotajwa awali umebeba katika jina lake la Kilatini kidari, mtulinga na kile kifundo cha nyuma ya sikio. Sartoriusi ni msuli wa mshoni. Huanzia mbele ya fupanyonga, hupita paja kwa mshazari na kuishia upande wa ndani wa muundi. Hukunja nyonga na goti na kulizungushia paja nje, ndivyo washoni wa zamani walivyoketi, na ndivyo anavyoketi mtoto wa chuoni mkekani.

Inavutia kwamba wazungumzaji wa Kiswahili nao walitumia mantiki hiyohiyo. Mgiriki alipotazama nyuma ya mguu aliona tumbo, na jina gastronemiusi lina maana hiyo. Mswahili aliona shavu, akasema shavu la mguu.

7.0 Kiswahili na Matendo ya Misuli

Mfumo wa mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unaafiki vizuri sana elimu hii. Misuli hupangwa kwa jozi za upinzani, na Kiswahili kina kauli ya kutendua. Kukunja na kukunjua ni mzizi mmoja; anayeusikia hujua mara moja kwamba tendo la pili hulibatilisha la kwanza. Kwa kiganja kuna chali na kifudifudi, maneno ambayo kila mtoto huyajua kutokana na kulala. Kwa kuutenga mkono au mguu na mwili kuna kutanua, na kwa kuurudisha kuna kubana. Kauli ya kutendesha nayo huonyesha msababishi: kiwiko hunyooka, trisepsi hukinyoosha.

Kazi ya kusanifisha istilahi imekwisha kuanza. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lililobaki ni matumizi. Kiwiko huitwa pia kisukusuku, na mengine mengi yana majina zaidi ya moja. Wataalamu wa Ulaya walipita katika hali hiyohiyo kabla ya mwaka wa 1895, kwa hiyo wingi wa majina hauthibitishi kwamba lugha haifai. Unaonyesha tu kwamba watumiaji wake hawajaketi pamoja.

8.0 Hatua za Kujifunza

Mwanafunzi anashauriwa kufuata hatua hizi. Kwanza, ajifunze mifupa na vinundu vyake kabla ya msuli wowote, kwa kuwa huwezi kujua kamba imefungwa wapi bila kukijua kigingi. Pili, atambue jinsi kila kiungo kinavyosogea. Tatu, achore msuli kama mstari mmoja kutoka chanzo hadi kikomo. Nne, akisie tendo, ndipo afungue kitabu kuthibitisha. Tano, aupapase msuli huo mwilini mwake huku ukitenda kazi. Sita, amweleze mtu asiyesoma sayansi, kwa Kiswahili, bila istilahi ya Kilatini. Akishindwa hatua ya sita, arudi ya tatu.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba tendo la msuli hutokana na mishikizo yake, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kulieleza. Wanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi za afya wakikutana, hawa wakileta lugha na wale mifupa, kila upande utafaidi. Atakayefaidi zaidi ni mgonjwa aliyerudi nyumbani na mkono wake, akijua auelekeze wapi.

Maswali

1. Msuli fulani huanzia katika fupanyonga, hupita mbele ya nyonga na kuishia katika fupaja. Je, unaweza kukunja goti? Eleza.
2. Kwa nini brakialisi haigeuzi kiganja?
3. Mgonjwa akisimama kwa mguu wa kushoto, nyonga yake ya kulia huporomoka. Ni msuli wa upande gani uliodhoofika?
4. Mweleze mgonjwa, kwa sentensi tatu za Kiswahili, zoezi la kunyoosha soleusi.